Umeniletea jua sebuleni

Mwaka juzi, mwezi wa 9, nilipigiwa simu na mwalimu mstaafu wa Bangwe, hapa Kigoma. Nilikuwa nimemfungia madirisha ya aluminiamu miezi 3 kabla, nikadhani kuna kioo kimepasuka. "Hakuna kilichoharibika, mwanangu," akaniambia. "Ila njoo saa 10 jioni. Usije asubuhi."

Nikapanda saa 10. Sebule ilikuwa giza. Kwenye lile dirisha kubwa linalotazama ziwa, mita 2.4 kwa 1.5, dirisha ambalo picha yake nilikuwa nawaonesha wateja wengine, palining'inizwa blanketi la kijivu kwa misumari miwili na waya, na juu ya blanketi kitenge. Makochi yamebanwa ukuta wa nyuma. Mwalimu hakusema kitu. Alilivuta blanketi pembeni, na jua likamwagika kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni. Nikaweka kiganja kwenye fremu nikakitoa upesi.

"Dirisha umenifungia zuri," akasema. "Lakini umeniletea jua sebuleni."

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai yake nikashuka mlima nikifikiria nyumba nyingine zote nilizofunga vioo vya namna ile: Bangwe, Gungu, Mwanga, na ngapi kati yake zina blanketi saa 10.

Kuna jambo la Kigoma ambalo wageni wanaokuja kujenga huku mara nyingi hawalijui, na hata sisi wenyeji tunaliishi bila kulitamka. Saa ni moja nchi nzima, ila jua halifuati saa ya redio. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma tupo karibu nyuzi 30. Tofauti hiyo ni kama saa nzima. Kwetu jua hufika utosini karibu saa 7 mchana, na huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa 1, wakati Dar es Salaam wameshawasha taa. Kwa hiyo saa 10 jioni jua letu bado liko nusu ya kimo chake. Paa lililotokeza sentimita 60 linatia kivuli cha sentimita 60 ukutani, basi. Ikifika saa 11 na nusu, jua limelala, kivuli cha paa kimebaki robo mita, na kioo chote kilichobaki ni mali ya jua.

Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Upande wa kaskazini wa nyumba hupata jua katikati ya mwaka, upande wa kusini hulipata mwisho na mwanzo wa mwaka, na pande zote mbili jua huwa juu kiasi kwamba paa la kawaida linatosha. Mashariki na magharibi hakuna msimu wa nafuu. Na magharibi ndiko liliko ziwa. Hakuna mtu anayenunua kiwanja cha mlimani Kigoma ili sebule yake itazame barabara.

Sisi mafundi wa aluminiamu tuna desturi. Ukishapiga silikoni, ukafuta kioo, ukamwonesha mteja dirisha linavyoteleza kwenye reli, umemaliza. Unachukua salio lako unaondoka. Baada yako anakuja fundi jipsamu, fundi rangi, fundi vigae. Mwisho kabisa mwenye nyumba anakwenda sokoni Mwanga kununua bomba la pazia, na anayelifunga ni kijana yeyote mwenye drili. Kijana anatoboa juu ya dirisha, anakutana na renta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, drili inagoma. Anashuka chini kidogo mpaka apate lipu laini, anapachika fisha, kile kiplastiki cha kushika skrubu, anakaza skrubu. Wiki mbili baadaye bomba limedondoka pamoja na kipande cha lipu, na simu inapigwa kwa fundi dirisha. Nimepigiwa simu hizo nyingi. Nilikuwa najibu kwamba pazia si kazi yangu.

Baada ya siku ile ya Bangwe sikuweza tena kulijibu hivyo. Nani analijua dirisha lile kuliko mimi? Mimi ndiye nilikata fremu, najua zege limeishia wapi, najua kioo kipi kinateleza na kipi kimekaa, najua saa ngapi jua linaingia. Kama kuna mtu wa kumwambia mwenye nyumba kabla ya lipu kwamba ukuta ule utahitaji kivuli, ni mimi.

Nikaanza na mapazia, kwa sababu ndiyo watu wanayoyaulizia. Mpango wangu ulikuwa kununua cherehani 2, niajiri vijana, nishone hapohapo karakana. Kabla ya kutoa pesa nikaenda Katubuka kwa mama mmoja mshonaji, ambaye amekuwa akishona mapazia tangu mimi nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu, vuta kigoda."

Nikamweleza yote. Alikuwa akipiga pasi, akaniacha nimalize. Kisha akachomoa kipande cha kitambaa kwenye rundo akanipa. "Hebu nioneshe uso wake ni upi." Nikakigeuza, nikakigeuza tena, nikachagua. Akatabasamu, akakigeuza upande wa pili. "Basi, baba, wewe pima ukuta, mimi nishone. Tukichanganya tutaharibu pesa za watu."

Huo ndio mkataba wetu mpaka leo, na sijajuta. Napima, nafunga mabomba, natundika. Yeye anachagua kitambaa pamoja na mteja, anakata, anashona. Malipo ya awali ya mteja yananunua kitambaa, hayaguswi kwa kitu kingine chochote, hata kama nina gari la vioo linasubiri kushushwa.

Kwake nimejifunza mambo ambayo fundi wa chuma na kioo hawezi kuyakisia. Pazia la ringi linataka kitambaa mara 2 ya urefu wa bomba, na la marinda mara 2 na nusu. Ukipunguza ili kumwonea huruma mteja, likifungwa linakuwa kama shuka iliyoanikwa. Ringi lazima ziwe shufwa, ili ncha zote mbili za kipande zielekee ukutani. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, la sivyo kitarudi ndani siku ya kwanza ya kufuliwa. Maua makubwa hula kitambaa, kwa sababu ua la kipande hiki lazima liwe kimo kimoja na ua la kipande cha jirani. Mama huyu anaweza kusimama mlangoni mwa sebule, akatazama pazia lililoshonwa na mtu mwingine, akasema ni kipande kipi kimegeuzwa juu chini.

Mimi nami nilikuwa na langu la kumfundisha. Alizoea kuletewa upana wa dirisha, akashona kwa upana wa dirisha. Nikamwonesha kwamba bomba lipite dirisha sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lilale ukutani, lisikae mbele ya kioo. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu. Ukiliwekea rundo la pazia kwenye nusu inayofunguka, umelifunga moja kwa moja, na mwenye nyumba atashangaa kwa nini upepo wa ziwa hauingii.

Kosa kubwa nililofanya lilikuwa Gungu. Nyumba mpya, vipande 14 vya pazia na shia zake, yale mapazia mepesi ya kupitisha mwanga. Nilipima kutoka kwenye bomba hadi sakafuni, nikaandika mita 2.45, nikampelekea mama. Sakafu ilikuwa zege tupu. Vigae vikaja baadaye, na chini ya vigae saruji yake, sakafu ikapanda sentimita 5. Siku ya kutundika, mapazia yote 14 yakalala chini kama kanzu iliyoazimwa kwa mtu mrefu. Mama mwenye nyumba alikuwa amealika watu siku mbili mbele.

Mshonaji hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulipopima, ulikanyaga nini?" Akakesha usiku 2 akifumua na kupinda upya, na kazi hiyo nililipa kutoka mfukoni mwangu. Swali lake nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la vipimo, na kijana wangu wa kazi haruhusiwi kuandika tarakimu yoyote kabla hajalijibu.

Kuhusu blaindi nitasema kwa kifupi, maana sizipendi sana kwa nyumba za huku. Ofisini ni sawa kabisa: za mikanda ya wima au za kuviringisha, ni safi, hazichukui nafasi, karani anavuta mnyororo mwanga haupigi tena kioo cha kompyuta. Lakini nyumbani mtu anataka upepo, na mchana upepo wetu unatoka ziwani, upande uleule wa jua. Blaindi ya kuviringisha ikishushwa mbele ya dirisha lililo wazi, inapigapiga ukuta mchana kutwa. Ukifunga dirisha ili itulie, umekaa kwenye tanuri. Tena zinakatwa Dar es Salaam kwa milimita, zinasafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka huku. Inayokaa ndani ya tundu la dirisha hupimwa upana sehemu 3, juu, kati na chini, na unaagiza kwa kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu kuta zetu za tofali hazijanyooka. Ikija imezidi, ukuta hausogei.

Ila kuna jambo moja la blaindi ambalo sitalipitia haraka. Ule mnyororo wa shanga unaoning'inia pembeni ni kitanzi. Mtoto wa miaka 2 akipanda kwenye kochi, akauingiza shingoni na kuteleza, hapigi kelele. Watoto wamekufa hivyo katika nchi nyingi, na ndiyo maana viwango vya Ulaya vilivyorekebishwa mwaka 2014 vinataka mnyororo ukazwe ukutani kwa kishikio usibaki ukining'inia, na kamba za kufungia zizungushiwe kwenye ndoano iliyo angalau mita 1.5 kutoka sakafuni. Kile kishikio cha plastiki huja ndani ya boksi. Nimekikuta kimetupwa kwenye takataka za ujenzi zaidi ya mara moja, kwa sababu kukifunga ni matundu mawili ya ziada. Mimi nakifunga kwanza, kabla ya kumkabidhi mtu blaindi yake, na kama mteja hataki ukuta wake utobolewe, namrudishia pesa. Vitanda na makochi vikae mbali na dirisha lenye kamba. Hilo nalisema kila nyumba hata kama naonekana nasumbua.

Kipesa, mapazia yamenisaidia kwa njia ambayo sikuitegemea. Madirisha ni kazi ya kiangazi, watu wanapojenga. Mvua zikikolea karakana ilikuwa inalala, na kijana wangu anarudi kijijini. Mapazia yanafuata sikukuu. Ujiji kabla ya Idi nyumba nzima hubadilishwa, na kabla ya Krismasi ni vivyo hivyo Mwanga na Gungu. Krismasi haihami, lakini Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo naipangia mapema: miezi 2 kabla kitambaa kiwe kimeshafika, maana mama wa Katubuka ana mikono miwili tu na hapendi kushona kwa kukimbizwa. Mwaka huu kijana wangu hakurudi kijijini.

Lakini pazia halikumtibu mwalimu wa Bangwe. Tulimshonea zito, lenye bitana, likakaa vizuri. Jioni yake nikaweka mkono kati ya pazia na kioo, na hewa ya humo ilikuwa inaunguza. Jua likishapita kioo limeshaingia ndani. Pazia linalipokea, linapata moto, na moto huo unabaki chumbani kwa sababu kioo kinachopitisha mwanga hakiruhusu joto lile kutoka kirahisi. Kioo cha rangi nacho hupunguza kung'aa, ila chenyewe kinanyonya joto, na sehemu yake kinaitemea ndani. Ukitaka kulizuia jua, lizuie likiwa bado nje.

Na hapo nikaikumbuka nyumba ya bibi yangu Ujiji. Madirisha yake ni ya mbao, hayana kioo hata kimoja. Adhana ya alasiri ikilia alifunga yale ya upande wa ziwa, na adhana ya magharibi ikilia aliyafungua, na chumba kilikuwa baridi kama mtungi. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni ibada. Hata Wajerumani, reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, stesheni waliyoijenga waliipa matao, ili kivuli kitangulie ukuta. Sisi tuliopata aluminiamu ndio tuliodhani kioo kinatosha. Nasema sisi kwa maana ya mimi na mafundi wenzangu, kwa sababu ndio tuliowaambia watu kwamba dirisha la mbao ni la kizamani.

Tatizo ni grili. Dirisha la bibi halikuwa na grili. Ulisukuma ubawa kwa mkono ukafunguka. Nyumba za sasa grili iko nje ya kioo, na ubawa wa mbao ukiufunga nje ya grili, mwenye nyumba atalazimika kuzunguka nje kila jioni kuufungua. Mwalimu ana magoti mabovu. Nilikaa na hilo karibu mwezi mzima, mpaka siku moja, Kibirizi, nikinunua maji kwenye kibanda, nikamtazama muuzaji akifungua biashara. Ubao wa mbele wa kibanda umefungwa bawaba juu. Anausukuma kutoka ndani kwa mti, unainuka, anauegemeza kwenye mti uleule, na ule ubao unakuwa paa. Ninaiona kila siku ya Mungu. Nikamwomba aufunge na kuufungua tena ili nitazame.

Nikamtengenezea mwalimu mbawa 3, kila moja sentimita 80 kwa 150, fremu ya mninga na luva za mninga, yaani vibao vyembamba vilivyoinamishwa, bawaba juu. Mninga tunao katika misitu ya miombo ya mkoa huu na Tabora. Haulikwi ovyo na mchwa, na ukishakauka haupindi sana, ndiyo maana milango ya watu wenye uwezo ni ya huo. Nilinunua mbao zenye alama ya nyundo ya misitu, ule muhuri wa mbao halali, na karatasi zake, na ningeshauri kila fundi afanye hivyo, kwa ajili ya misitu yenyewe na kwa ajili ya usingizi wako mwenyewe. Zilikaa stooni kwangu zimepangwa kwa vijiti katikati hewa ipite, kiangazi kizima. Ubawa mmoja uliokamilika niliupima kwenye mzani wa muuza chuma chakavu, ukatoa kilo 13. Kwa uzito huo bawaba za kawaida za kabati hazifai. Nilitumia za mlango, 3 kwa kila ubawa, na skrubu ndefu zilizoingia kwenye renta yenyewe. Safari hii drili niliyokwenda nayo ilikuwa ya zege.

Kwa ndani, kila ubawa una mkono wa nondo ya milimita 8, urefu wa sentimita 70, uliokunjwa ndoano mwishoni. Unafungua kioo, unaupitisha mkono kwenye tundu la grili, unasukuma. Nikautoboa ukanda wa chuma kwenye kingo ya dirisha matundu 4: tundu la kwanza ubawa umefungwa kabisa, la mwisho umeinuka kadiri mkono unavyofika. Kukiwa na dhoruba unarudisha tundu la kwanza na kupiga komeo. Wavu wa mbu unabaki mahali pake. Chuma nilikipaka rangi ya kuzuia kutu tu, maana maji ya ziwa letu ni matamu na hatuna ile chumvi inayokula grili za Dar.

Siku ya kuzijaribu mbawa nilikwenda tena saa 10. Tukaweka tundu la pili. Luva zikalikata jua, sakafuni zikabaki mistari myembamba ya mwanga, na upepo ukapita kati ya luva ukaingia mpaka kwenye mlango wa jikoni ambako zamani jua lilikuwa linafika. Nikashika fremu ya aluminiamu, nikaendelea kuishika. Mwalimu alikuwa amesogeza kiti chake karibu na dirisha kabla sijamwambia. Chini ya ubawa, kwenye ule uwazi, ziwa lilikuwa linaonekana, na mitumbwi ya dagaa ilikuwa inatoka na taa zake. Kulipofika saa 1 kasoro akasukuma mkono wa ubawa wa kati mwenyewe, mpaka tundu la mwisho.

Lile pazia zito hakulitoa. Analifunga usiku, taa ikiwaka, ili wapita njia wasimwone.

Sasa hivi nyumba 4 zimeniagiza mbawa kabla hata ya kupiga lipu, na kwenye hizo nimeweza kumwomba fundi grili apanue tundu moja pale mkono utakapopita. Kwa mwalimu, ubawa wa kati umeanza kugusa wa kushoto tangu mvua za kwanza zinyeshe; mbao imekunywa unyevu. Ameniambia anausikia ukilalamika asubuhi. Jumamosi napanda Bangwe na randa.